Kipandauso na Uradi wa Baba

Kama unacho wewe, usisome yote kwa mara moja. Soma kidogo, fumba macho, kisha rudi. Herufi ndogo na kipandauso havipatani, na mimi naandika kwa ajili yako zaidi kuliko kwa ajili ya yule mwenye kichwa kizima, ambaye atasema kama nilivyoambiwa mimi miaka nenda miaka rudi: "Ah, kichwa tu? Nani asiyeumwa kichwa?"

Naitwa Athumani, fundi cherehani, mtu wa Kariakoo tangu kuzaliwa. Ugonjwa wangu haukuanza na maumivu, ulianza na sindano. Nilikuwa barazani kwangu nashona mkono wa shati la kaki, nikatazama sindano nikaiona nusu. Nusu ya chini haipo. Nikapangusa macho, nikatazama kidole changu, nacho kina kucha upande mmoja. Halafu pembeni mwa jicho la kushoto pakaingia kitu kinachometameta, mfano wa kipande cha kioo kinachopigwa na jua, kikawa kinapanuka polepole. Hakiumi. Baada ya muda kikaondoka, nikashukuru Mungu, nikarudi kwenye pedali. Ndipo maumivu yakaja.

Ugonjwa wenyewe ni nini sitaeleza, wenye kazi hiyo wapo. Nitakueleza unavyokaa na mtu. Unashika upande mmoja wa kichwa, unashuka kwenye jicho, pua, mpaka meno. Mwanga unakuwa adui. Mtu akikaanga samaki nyumba ya tatu, wewe unatapika. Vidole vinakufa ganzi, na ulimi unakuwa mzito hata ukitaka kusema "maji" linatoka jambo lisiloeleweka. Hilo la ulimi ulishike, maana ndilo lililoniponza.

Sisi watu wa pwani jina lake tunalijua siku nyingi. Na kwa kuwa lina jina la Kiswahili, kila mtu anayo dawa yake ya Kiswahili. Nilichanjwa chale mbili kwenye paji la uso, zikapakwa unga mweusi, alama zake ninazo hadi leo. Nilikunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji. Niling'olewa jino, gego zima lisilo na tundu, kwa kuwa mtu mmoja aliniambia kichwa changu kinatokea kwenye jino. Kila dawa ilifanya kazi mpaka kichwa kiliporudi. Mke wangu, Mwajuma, yeye alikuwa na ya kwake: spiriti ile ya kuwashia jiko la mafuta ya taa. Analowesha kitambaa, ananibandika usoni, inapoza. Haikuponya, lakini ilinisaidia kuliko kombe, na niliizoea.

Baba yangu alifariki mwaka ule soko jipya la Kariakoo lilipokuwa bado linanuka saruji. Alikuwa mwalimu wa chuo, akisomesha watoto Kurani kwenye baraza la nyumba yetu, na mtaa mzima ulimwita Maalim Mbaraka. Kwa watu hakuwa mwalimu tu. Alikuwa mtu wa uradi. Mara mbili tatu kwa mwezi alijifungia chumba cha uani, mlango na dirisha, akibaki na Mola wake kutwa nzima, wakati mwingine siku mbili. Mama alikaa mlangoni na kipepeo cha ukili akitufukuza tuliokuwa tukicheza: "Nendeni mbali, baba yenu yuko kwenye uradi." Watu walipita wakinong'ona. Wapo waliosema wamesikia humo ndani sauti ambazo si za binadamu.

Kaka yangu Hamisi, aliyenizidi miaka minane, alimfuata baba nyayo kwa nyayo. Alimsaidia chuoni tangu ndevu hazijaota. Mimi nilichagua cherehani, na sikuwahi kusikia nikilaumiwa kwa hilo, lakini sikusifiwa vilevile.

Baba alikata roho alfajiri. Kwetu maiti hangojewi, akazikwa siku ile ile baada ya sala ya adhuhuri. Sikuwa nimelala siku mbili za kumuuguza, sikuwa nimetia kitu tumboni, na jua lilikuwa la Januari. Nilipokuwa natawadha nikaona bomba nusu. Nikajua. Nikamwambia Mwajuma, naye akafanya alichozoea, akanisugua spiriti kwenye paji na shingoni, akaniambia, "Jikaze, mume wangu. Ukirudi utalala."

Nilijikaza. Jeneza tukalipokea mabegani, tukatoka nalo Kariakoo, kila mtu anawania kulibeba hatua chache apate thawabu. Mimi mtoto wa marehemu nilikuwa mbele kushoto. Tulipofika Mnazi Mmoja, pale uwanjani pasipo kivuli, jicho la kushoto lilishazima na maumivu yalishaingia. Goti likanikatika. Jeneza likainama upande wangu. Watu walilidaka, alhamdulillahi, baba hakuanguka, lakini nilisikia ule mguno wa watu ulionizunguka na ninausikia hadi leo nikitaka. Mimi nilipiga magoti nikatapika mbele ya msafara wa baba yangu.

Kaka Hamisi akainama kuniinua. Nikajaribu kumwambia ni kichwa. Ulimi haukutoa neno, ulitoa mkorogo. Naye akavuta pumzi, akanusa. Sasa wewe unajua harufu ya spiriti, na harufu ya gongo unaijua hata kama hunywi. Zile ni harufu za ndugu wa tumbo moja. Akaniachia mkono kama aliyeshika kaa la moto.

"Mwondoeni huyu," akasema, si kwa kelele. "Mlevi hatamtia mchanga baba yangu."

Wanaume wawili wakanishika makwapa wakanirudisha nyumbani. Ile mitupo mitatu ya mchanga ambayo kila aliyefika kaburini huitupa, hata mpita njia asiyemjua marehemu, mimi sikuitupa.

Siku ya kuanua matanga nilikwenda, kichwa kimetulia, kanzu safi. Kaka alisimama mlangoni mbele ya watu. Nikamwambia, "Shikamoo kaka." Akaniitikia, maana hakuwa mtu wa kukosa adabu. Kisha akasema, "Ukishajitakasa, rudi." Nikamweleza spiriti ilikuwa ya kupaka. Akasema, "Athumani, usiongeze uongo juu ya jambo hili." Watu walikuwa wanaangalia chini. Lisemwalo lipo, walisema baadaye barazani kwangu wakidhani mashine inanizuia kusikia.

Mama alikuwa ndani, kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hatoki wala hakutani na wanaume wa nje. Mimi mwanawe ningeweza kuingia, hakuna sheria iliyonizuia. Aliyenizuia alikuwa kaka barazani, na zaidi yake ni mimi mwenyewe. Niliapa moyoni kwamba sitakanyaga nyumba ile mpaka nipate daktari wa kuandika kwamba mimi si mlevi. Niingie nimeinua uso, mama anione nilivyo.

Mwajuma alikuwa akienda kwa mkwewe kila wiki. Akirudi ananipa ujumbe ule ule. "Mama anasema uende."

"Nitakwenda na barua."

"Hajaomba barua. Anasema uende, ana neno na wewe."

"Neno nalijua. Atanionea huruma. Sitaki kuonewa huruma kwa kosa nisilofanya."

Mwajuma alinitazama. "Mume wangu, wewe unaumwa vichwa viwili, na hiki cha pili hakuna spiriti yake." Alisema kweli. Lakini sikumsikia, na kama kuna kitu kimoja unaweza kukichukua kwenye maandishi haya, kichukue hicho.

Basi nikaanza kumtafuta daktari. Zahanati walinipa aspirini na kuniuliza kama nina malaria. Hospitali ya wilaya walinipima macho, wakaniambia yanaona. Daktari mmoja aliniuliza kama nina mawazo. Nikamjibu ninayo. Akaandika, akanipa vidonge vya usingizi, nikashona suruali nzima mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Vuli ikaja ikapita. Masika yakaja, na masika kwangu ni afadhali, jua linafichwa, nikapata wiki tano bila kichwa nikadhani nimepona. Kipupwe kikaingia, kichwa kikarudi kana kwamba kilikuwa safarini.

Nilikonda. Chakula nilikiogopa, sikujua kipi kitaniletea. Watoto wangu wawili walijifunza kunitazama usoni kwanza wakirudi shule ndipo waamue kama watacheka. Siku moja nilimsikia binti yangu akimwambia mwenzie uani, "Usirukie kamba hapa, baba anaumwa," kwa sauti ile ile ya kuchoka ya mama yake, naye ana miaka saba. Iliniuma kuliko kichwa. Wateja wakapungua. Fundi anayefunga mashine saa nne asubuhi na kujilaza chini ya meza amejifunika kitambaa cha mtu, nani atampa sare za harusi? Na jina la mlevi lilishafika kabla yangu kila nilipokwenda.

Aliyenifungulia njia ni Sista Anna. Alikuwa muuguzi wa hospitali kubwa, Mchagga, kaka yake akiwa na duka la jumla mtaa wa pili. Alikuja kuchukua gauni lake jeupe akanikuta chini ya meza. Wengine wangeondoka. Yeye alichuchumaa.

"Fundi, kabla ya hapo uliona vimulimuli?"

Nikafumbua jicho moja. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Wote waliniuliza kinauma wapi.

"Niliona sindano nusu," nikasema.

"Basi usinywe kitu kingine cha mtu yeyote," akasema. "Yupo daktari amerudi kutoka masomoni ng'ambo, bingwa wa mambo ya kichwa. Anaona wagonjwa wapya Jumanne tu. Nitakutafutia barua ya rufaa, lakini itabidi uvumilie."

Nilivumilia miezi saba. Mara ya kwanza barua ilipotea mezani kwa mtu. Mara ya pili daktari alikuwa amesafiri mikoani. Mara ya tatu nilifika alfajiri nikakuta watu wameshapanga ndala zao kwenye foleni, kila ndala ni mtu, wenyewe wamekaa ukutani wanapiga soga. Miaka ile tulikuwa tumezoea kuacha jiwe kwenye foleni ya unga likusimamie, kwa hiyo nami nikavua kiatu nikakipanga. Kukipambazuka akaja msimamizi mgeni, akaona takataka, akazifagia zote pembeni kwa fagio la chelewa. Ikawa vurugu ya watu wenye mguu mmoja. Nilicheka siku ile, na kicheko kilinisaidia, ingawa foleni ilipopangwa upya nilikuwa wa mwisho na sikuonwa.

Mara ya nne niliingia ndani mpaka kwenye mabenchi. Kuna taa za mirija zinazotetemeka na ukuta wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima kutoka Gerezani, amejifunga kanga kichwani hadi kwenye nyusi. Hatukusalimiana kwa maneno. Alinitazama, akaivuta kanga yake ya kiunoni, akanirushia pindo moja, nami nikajifunika macho upande wangu, naye upande wake. Tukakaa hivyo saa nne nzima, watu wasiojuana, chini ya kanga moja. Sikumwona tena baada ya pale, namwombea.

Nilimtarajia mzungu. Wote tulimtarajia mzungu. Alipotoka kijana wa Kichagga, mrefu, shati limepauka kola, mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Bingwa mwenyewe yuko wapi?" Daktari akajibu, "Shikamoo mzee. Amechelewa kuzaliwa, ndiyo kwanza ana miaka thelathini na mbili. Karibu." Watu wakacheka, naye akazima taa moja kati ya mbili za chumbani kwake kabla hajanikaribisha. Nikaona taa inazimwa, machozi yakanitoka kabla sijakaa.

Hakunikata, hakunichoma. Aliuliza. Aliuliza muda mrefu kuliko nilivyongojea kwenye benchi lile, au ndivyo nilivyohisi. Sindano, ganzi, ulimi. Nikamweleza na siku ya mazishi, mpaka mchanga.

"Hukulala siku mbili," akasema. "Hukula. Ukatembea juani saa saba. Na umefiwa na baba. Fundi, mtu mwenye kipandauso kama chako, hata angebeba kikapu kitupu siku ile angeanguka."

"Niandikie hivyo, Dakta."

"Nini?"

"Kwamba siku ile sikuwa nimelewa."

Akaweka kalamu chini. "Naweza kuandika una kipandauso, na kwamba kinaweza kumzuia mtu kusema na kusimama. Siku ile siwezi kuiandika. Sikuwepo."

Miaka miwili na nusu nilikuwa nimengojea karatasi ile. Naona aliliona hilo usoni mwangu, maana alivuta kiti karibu.

"Nani mwingine kwenu anaumwa hivi?"

"Hakuna."

"Baba?"

"Baba hakuumwa hata mafua. Alikuwa mtu wa uradi."

"Mama yupo?"

"Yupo."

"Kamuulize. Ugonjwa huu mara nyingi hutembea na ukoo, na akina mama huwa wanajua. Uje na jibu lake Jumanne ya mwezi ujao." Akanipa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi mara tu ninapoona nusu, na daftari la kuandika kila siku nimelala vipi, nimekula nini, jua limenipata kiasi gani. Akaniandikia na barua yake, mistari minne.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kwa mama. Si kwa kujitakasa wala kwa ushindi. Nilitumwa na daktari kuuliza swali. Kwa miaka miwili na nusu nilikuwa nimeishi mwendo wa robo saa kutoka kwa mama yangu.

Nilichagua saa ambayo kaka yuko msikitini. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na alikuwa mdogo. Sikumbuki kama zamani alikuwa mkubwa, lakini sikumtarajia mdogo vile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Hakuinuka. Alikuna nazi mara mbili tatu, kisha akasema, "Umekuja na barua?"

"Ninayo."

"Iweke. Nipe mkono niinuke."

Aliniingiza chumba cha uani, kile cha uradi, akafunga mlango. Nilikuwa sijawahi kukiingia. Kitanda cha kamba, jamvi, na chini ya kitanda beseni la bati lenye kutu ukingoni. Nikamuuliza swali la daktari. Akaketi kitandani.

"Unaliona beseni hilo? Nimelimwaga miaka thelathini."

Sikuelewa. Akaniambia polepole, kama anayesomesha mtoto alifu. Baba alikuwa haoni nusu ya msahafu. Baba alikuwa anatapika. Zile sauti ambazo si za binadamu zilikuwa zake, anauma shuka asisikike. Kabla hata mimi sijazaliwa, kilimshika akisomesha, akababaika ulimi mbele ya watoto, na kesho yake wazazi wawili wakawatoa watoto wao chuoni wakisema maalim ana shetani wa kichwa. Tangu siku ile akawa hasemi. Mama ndiye aliyebuni uradi. Akaapishwa kwa msahafu asimwambie mtu.

"Siku ya mazishi nilisikia wanavyosema umelewa," mama akasema. "Nikakuita nikuambie. Nikakuita tena. Ningetoka kwenye eda nikasimame barazani niseme, lakini ni kiapo cha maiti, na nilitaka nikuambie wewe kwanza. Hukuja, Athumani."

Nilimlilia baba upya. Nilimlilia yule aliyekuwa nyuma ya mlango ule, mwendo wa hatua sita kutoka tulipokuwa tukicheza gololi na kupiga makelele kwa makusudi ili tusikie malaika watajibu nini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi niliijua, na yeye aliijua, tukaishi mwendo wa robo saa miaka yote ile bila kuambiana.

Mama akafungua sanduku akatoa kanga iliyopauka, maandishi yake yameshafutika. Hata kama kichwa hakikuwa kinaniuma, alitaka anionyeshe. Unaisokota, unaizungusha, fundo unaliweka juu ya mshipa ule unaopiga, si kisogoni, kisha unakaza mpaka mgonjwa ashushe pumzi. "Ichukue," akasema. "Lakini usimwambie Hamisi. Yule chuo chake, jina lake, vyote vimesimama juu ya uradi wa baba yake. Ukimwondolea, ataanguka. Niahidi."

Nikaahidi.

Kaka akarudi akanikuta sebuleni. Nikampa barua. Aliisoma, alikuwa na elimu ya kutosha, akaikunja vizuri.

"Daktari huyu alikuwepo Mnazi Mmoja?"

"Hakuwepo."

"Basi amejuaje ulichokunywa?"

Neno la kunisafisha lilikuwa mdomoni mwangu, limekamilika. Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia, naona vidole vyake vya miguu. Nikalimeza. Nikachukua barua yangu nikatoka.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mama kila siku wakati wa sala, kwa masika moja, kiangazi kimoja na nusu ya masika ya pili. Ndizo siku nilizopata. Alipofariki niliandaa mwili wangu wiki nzima kama daktari alivyonifundisha: nilijilazimisha kula na kulala, kofia kichwani, kidonge mfukoni. Kaka hakunizuia. Nilibeba jeneza la mama, nikavuka Mnazi Mmoja kwa miguu yangu, nikatupa mitupo sita ya mchanga, mitatu yake na mitatu ya baba. Watu waliniona.

Vichwa vyangu vilipungua. Daftari lilinifundisha kwamba adui zangu ni njaa, jua na usingizi mchache, na vidonge vikiwahi, vinasaidia. Vimepungua, sikusema vimekwisha. Asikudanganye mtu kwamba vinakwisha.

Miaka mitatu baadaye, wakati hata uzi wa kushonea unapatikana kwa kujuana, shemeji Tatu, mke wa Hamisi, alikuja barazani kwangu na gauni la kupunguza. Aliliweka mezani, hakuondoka.

"Shemeji, nikuambie kitu. Kaka yako siku hizi uradi umemzidi."

"Umemzidi vipi?"

"Anajifungia chumba cha marehemu mzee. Zamani ilikuwa mara moja moja. Sasa kila wiki. Mlango, dirisha, hataki hata mtu atwange. Leo yumo tangu asubuhi."

Nikasimamisha mashine.

"Na beseni anaingia nalo?"

Akanitazama. "Nani kakuambia?"

Nilikunja kazi ya mtu nikaiweka. Nikapita nyumbani nikachukua ile kanga, nikailowesha maji ya mtungi, nikaweka vidonge mfukoni. Watoto wa chuo walikuwa wameketi barazani kimya, mmoja akaniwekea kidole mdomoni: "Maalim yuko kwenye uradi." Nikavua viatu nisipige hatua za kusikika. Nikagonga kwa kucha tu.

"Nani?" Ulimi ulikuwa mzito.

"Mimi."

Kisha komeo likavutwa.

Alikuwa amejiegemeza ukutani, kanzu imelowa, kiganja kwenye jicho. Nilifunga mlango haraka mwanga usimpate. Nikampa kidonge, nikamwambia akiweke chini ya ulimi. Akatii. Mimi ndiye niliyemwambia kaka Hamisi fanya, akafanya.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alichukua muda kulipanga neno. "Tangu namsaidia mzee chuoni."

Basi siku ile pale Mnazi Mmoja, mimi nimepiga magoti, yeye alikuwa akijua. Labda hakujua kwa jina, lakini alijua. Nilikuwa na mengi ya kusema, nilikuwa nayo kwa miaka. Nikaisokota kanga ya mama, nikaizungusha kichwani mwake.

"Mshipa uko wapi, kaka?"

Akaushika mkono wangu, akaupeleka penyewe, akaubakiza pale. Nikaweka fundo, nikakaza mpaka akashusha pumzi. Nje mmoja wa wale watoto alimnong'oneza mwenzie wasogee mbali kidogo, na sote wawili tulimsikia.